Mwenzi wako anapongoja hukumu: mwongozo kwa jamaa na makanisa, kutoka Mutoshi



Hapa Mutoshi, katika mji wa Kolwezi, wachungaji wanaletewa mara kwa mara jambo ambalo mashule ya theolojia hayafundishi sana. Mama anafika na watoto. Bwana yake amekamatwa ndani ya eneo la kampuni akiwa na mfuko wa madini, na sasa yuko kasho. Njiani kila mtu amempa neno lake. Mmoja amesema atafute pesa upesi ampe mkubwa fulani. Mwingine amesema akae nyumbani na kufunga tu. Wa tatu amesema mtu wa namna hiyo ni wa kuachwa.

Makala hii inakusanya mambo ambayo mke, mume, mzazi au mchungaji anahitaji kujua tangu siku ya kukamatwa mpaka siku ya kutafuta kazi. Mifano ni ya Mutoshi, lakini sheria ni za nchi nzima, na ndugu wa Kalemie, Kindu au Bunia wanaweza kuzitumia vilevile. Haichukui nafasi ya wakili. Inasaidia ufike kwa wakili ukijua la kuuliza.

Neno moja linaongoza yote. Mwenzi hamsaidii mshitakiwa kwa uongo wala kwa rushwa. Anamsaidia kwa kuwa karibu, kwa kusema kweli na kwa kutunza karatasi. Na kazi hiyo inaanza kabla ya hukumu, si siku mlango wa gereza unapofunguliwa.

Kwa nini watu wa Mutoshi wanakamatwa

Mutoshi ni mgodi wa zamani, ule ambao wazee waliujua kwa jina la Ruwe. Kolwezi imekuwa mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka imo ndani ya hati za makampuni.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamruhusu Mkongomani mtu mzima kuchimba kwa mikono, lakini katika maeneo yaliyotengwa na serikali tu, akiwa ndani ya kooperative iliyokubaliwa na akiwa na kadi ya mchimbaji. Maeneo hayo hayatoshi kwa wingi wa watu. Kati ya 2018 na 2020 sehemu ya Mutoshi iliyo chini ya kampuni ya Chemaf ilizungushiwa uzio, na wachimbaji wa kooperative ya COMIAKOL waliingia kwa mlango, kwa utaratibu, shirika la Pact na kampuni ya Trafigura wakishiriki. Mpango huo ulisimama mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Waliokuwa wakiingia kwa mlango wakajikuta nje ya uzio, na tumbo halikusimama pamoja na mpango.

Hatusemi hayo ili kuhalalisha kuingia usiku katika ardhi ya wengine. Mwezi wa 6 mwaka 2019, mashimo yaliporomoka katika eneo la KCC, hapa hapa Kolwezi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tunayasema ili kanisa lijue kwamba aliyekamatwa si lazima awe mtu aliyezoea uovu. Mara nyingi ni baba wa nyumba aliyefanya hesabu mbaya.

Siku za kwanza: kasho na parke

Katiba ya 2006 inasema wazi, katika vifungu 17 hadi 19, mambo ambayo kila jamaa inapaswa kuyashika:

- Uhuru ndio kanuni, kufungwa ni jambo la pembeni. Mtu anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka mahakama imhukumu kwa uamuzi wa mwisho.
- Polisi haiwezi kumweka mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mkuu wa sheria anayehusika.
- Lazima aambiwe sababu ya kukamatwa katika lugha anayoifahamu, na ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake au wakili wake.
- Ana haki ya kutetewa na mtu aliyemchagua, hata wakati wa kuulizwa na polisi.
- Hakuna anayeshitakiwa kwa kosa la mwingine. Kama polisi wanamshika mke kwa sababu mume amekimbia, wanavunja Katiba.

Parke ikitaka kuendelea kumshikilia, inampeleka mbele ya mwamuzi. Mwamuzi akikubali, ruhusa ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Kila mara faili inaporudi mbele ya mwamuzi, ni nafasi ya kuomba aachiliwe kwa muda. Hiyo inaweza kuambatana na kuweka dhamana ya pesa. Pesa hiyo inalipwa mahali rasmi, na unapewa risiti.

Dada, nunua daftari. Andika siku na saa aliyokamatwa, jina la ofisa na mahali aliposhikiliwa. Andika namba ya faili: kule parke inaanza na herufi RMP, na ikifika mahakamani inapata namba ya RP. Mtu asiye na namba hiyo anazungushwa ofisi kwa ofisi. Mwenye namba anaulizia faili moja kwa moja.

Kama hakuna pesa ya wakili, ulizia ofisi ya mashauri ya bure ya mawakili wa jimbo, inayojulikana kama BCG. Chukua pia karatasi inayoshuhudia kwamba jamaa haina uwezo. Inasaidia katika malipo mengine ya mahakama.

Kuhusu rushwa, tuseme bila kuzunguka. Sheria ya jinai inamwadhibu anayepokea na anayetoa pia. Mke anayetoa mlungula anaweza kuwaacha watoto na wazazi wawili ndani. Tena pesa isiyo na risiti haina ukumbusho: kesho atakuja ofisa mwingine naye atadai yake. Kila malipo ya halali yana karatasi.

Kabla ya hukumu: mwamuzi anahitaji kuona nini

Mahakama ya amani (Tripaix) inahukumu makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka 5. Yanayopita hapo yanaenda mahakama kuu ya wilaya, yaani TGI. Wizi uliofanyika bila jeuri wala vitisho unaweza kuadhibiwa kifungo cha hadi miaka 5 pamoja na faini. Ukiongezewa mambo kama kuvunja au kupanda ukuta, adhabu inapanda.

Lakini adhabu ya juu si lazima iwe adhabu ya mtu wako. Sheria ya jinai inampa mwamuzi uwezo wa kuipunguza kwa sababu za kumhurumia mshitakiwa, na inamtaka azitaje sababu hizo katika hukumu. Tena, ikiwa kifungo hakipiti mwaka 1, na mtu huyu hajawahi kufungwa miezi 2 au zaidi, mwamuzi anaweza kusimamisha utekelezaji wa hukumu kwa muda usiopita miaka 5. Mawakili wanaita hiyo sirsi. Asipohukumiwa tena kwa kosa jipya katika muda huo, hukumu inahesabiwa kama haikuwapo. Kwa mtu atakayetafuta kazi kesho, hilo ni tofauti kubwa sana.

Mwamuzi hawezi kuhesabu jambo ambalo halikuwekwa mbele yake. Hapo ndipo kazi ya mwenzi inaonekana. Mpelekee wakili faili yenye:

1. cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto;
2. karatasi ya makao kutoka kwa mkuu wa kata au komini;
3. shuhuda ya kazi aliyoifanya zamani, au kadi ya kooperative kama alikuwa nayo;
4. karatasi za hospitali, kama ni mgonjwa au anamtunza mgonjwa;
5. maandishi yanayoonyesha kwamba mwenye mali amerudishiwa au ameanza kulipwa, yakiwa na sahihi zake;
6. barua ya kanisa.

Namba 5 ina uzito. Kama kosa lilitendeka kweli na mtu wako anakubali, kurudisha mali kabla ya hukumu kunasema zaidi kuliko machozi. Zakayo alianza na kurudisha. Lakini asikiri kosa ambalo hakulifanya eti ili mambo yaishe upesi. Azungumze na wakili kwanza.

Kuna swali ambalo jamaa nyingi za Lualaba hazijui kuuliza: ameshitakiwa kwa sheria gani? Kifungu cha 27 cha sheria ya madini kinasema kwamba mtu aliyehukumiwa kwa uamuzi wa mwisho kwa kosa la kuvunja sheria ya madini hawezi kupewa haki za madini, wala kadi ya mchimbaji, wala kadi ya mnunuzi, kwa muda wa miaka 10. Kwa kijana wa Mutoshi, miezi michache gerezani inaweza kuwa adhabu ndogo, na hiyo miaka 10 ndiyo adhabu kubwa. Basi muulize wakili mapema: shitaka ni la sheria ya madini au la wizi wa kawaida? Je, maelezo ya shitaka yanalingana na yaliyotendeka?

Siku ya hukumu na siku kumi zinazofuata

Fika mapema, vaa kwa heshima, na usije peke yako. Mwamuzi akisoma, andika. Kama hukusikia vizuri, muulize wakili kabla ya kutoka mlangoni: kifungo ni cha muda gani? Faini ni kiasi gani? Kuna malipo kwa aliyekosewa? Kuna sirsi?

Kumbuka mambo manne:

- Rufaa ina siku 10, zikihesabiwa tangu hukumu kutolewa mbele ya wahusika. Inatangazwa grefe. Jamaa nyingi zinazipoteza siku hizo zikilia au zikitafuta mtu wa kuwasaidia kwa njia ya nyuma.
- Siku alizokaa ndani kabla ya hukumu kwa ajili ya kosa hilo zinatolewa zote katika kifungo chake. Daftari lako linasaidia kuhakikisha hesabu.
- Faini isipolipwa katika siku 8 inaweza kugeuzwa kuwa kifungo cha nyongeza, kisichopita miezi 6. Bora likelemba au kikundi cha AVEC kisaidie hapa, ambapo kuna risiti, kuliko kwa mlungula.
- Omba nakala ya hukumu na uiweke nyumbani. Bila nakala, kila mwenye chuki anaweza kuongeza kosa ambalo halimo.

Wakati wa gereza

Gereza kuu la Kolwezi liko Dilala. Kama magereza mengi ya nchi yetu, wafungwa wengi wanategemea chakula cha jamaa zao. Kwa hiyo mke anabeba nyumba mbili kwa mshahara usiokuwapo. Kanisa lipange zamu ya chakula kwa majina na siku, si kwa maneno ya "tutakukumbuka". Barua kwa Waebrania, mlango wa 13, inataka tuwafikiri wafungwa kana kwamba nasi tumefungwa pamoja nao. Mtu aliyefungwa anakula kila siku.

Mama asiende peke yake. Tunajua kwamba wako wanaowaomba wanawake pesa au mwili ili wapitishe chakula au habari. Wakienda wawili, mlango huo unafungwa kwa sehemu kubwa. Akiombwa jambo la namna hiyo, aseme upesi kwa wakili na kwa mchungaji, naye asihukumiwe kwa kusema.

Watoto waambiwe kweli kwa kipimo cha umri wao. Mtoto aliyeambiwa baba amesafiri ataisikia habari shuleni, na siku hiyo atapoteza wazazi wawili: aliye gerezani, na aliyemdanganya.

Kuhusu mambo ya nyumba, tangu Sheria ya Familia ya 1987 iliporekebishwa mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kutenda mambo ya kisheria. Anaweza kusaini mkataba wa kazi, kufungua akaunti au kufuatilia haki yake ofisini. Jamaa ya mume isimnyang'anye nyumba au shamba kwa kusema mwenyewe hayupo. Aliyefungwa hajafa.

Pia fuatilia hesabu ya siku. Aliyekwisha kutimiza robo ya kifungo chake, na amekaa zaidi ya miezi 3, anaweza kupendekezwa kwa uhuru wa masharti. Uamuzi unatoka kwa waziri wa sheria na si haki ya kujiendea yenyewe. Mwenendo wake unaangaliwa, na hapo tena uhusiano wake na jamaa na kanisa unasaidia. Akipewa, avunje sharti moja tu, anaweza kurudishwa.

Neno lingine ni la lazima. Kama kosa lilitendwa dhidi ya mke mwenyewe au dhidi ya mtoto, mchungaji asimsukume mke aende kutembelea, kufuta mashitaka au kumrudisha mtu nyumbani. Kusamehe ni jambo moja, na kulala chini ya paa moja na hatari ni jambo lingine.

Kutafuta kazi ukiwa na hukumu

Kama alikuwa na mkataba wa kazi, asidhani umekwisha siku alipokamatwa. Kanuni ya Kazi ya 2002 inahesabu kufungwa kwa mfanyakazi kati ya mambo yanayosimamisha mkataba. Kuuvunja kuna masharti yake. Mke apeleke barua kwa mwajiri upesi, abaki na nakala iliyopigwa muhuri, na aulize ukaguzi wa kazi kabla ya kukubali karatasi yoyote ya kuondolewa.

Makampuni makubwa ya Lualaba, na mengi ya yale yanayofanya kazi chini yao, yanaomba kazie judisieri, yaani karatasi inayoonyesha hukumu alizopata mtu. Usinunue karatasi ya uongo. Kutumia karatasi ya uongo ni kosa jipya, na kwa mwenye sirsi kosa jipya linaweza kuirudisha hukumu ya kwanza. Ukiulizwa, sema kwa maneno machache: kosa lilikuwa hili, mwaka huu, adhabu imekwisha, deni limelipwa, tangu hapo nimefanya kazi hii, na huyu hapa anaweza kunishuhudia. Usihubiri na usilaumu. Usipoulizwa, si lazima uanze na hilo.

Njia zifuatazo zinafaa kufikiriwa:

- Kujiandikisha ONEM, na kujifunza ufundi INPP, ambayo ina kituo Kolwezi: kuchomelea vyuma, umeme, mekanike, ujenzi. Mchomeleaji anaulizwa kwanza kazi ya mikono yake.
- Kufanya kazi kwa mafundi wadogo wa mtaani wanaomjua mtu, badala ya kungoja kampuni kubwa. Miaka 2 kwa fundi mmoja inazaa shuhuda ya kazi.
- Biashara ya jamaa, ikianza kwa jina la mke aliyekwisha kuishika wakati wa gereza. Mume anayerudi asiipokonye. Ajiunge kama mwenzi.
- Shamba la mahindi, mboga au kuku. Mji huu unakula unga mwingi unaotoka mbali, na mlaji haulizi kazie ya mkulima.

Asirudi usiku kule alikokamatwa. Wiki za kwanza ni ngumu: wadeni wanagonga mlango, rafiki wa zamani wana pesa mfukoni, na kazi ya halali bado haijapatikana. Kama jamaa na kanisa hawakuandaa hata kazi ndogo ya wiki hizo, tumemwachia shimo peke yake liwe mwajiri wake.

Kazi ya kanisa, na mipaka yake

Barua ya mchungaji ina thamani kwa sababu ni ya kweli. Paulo alimwandikia Filemoni kwa ajili ya Onesimo. Hakuficha kwamba huenda kuna deni, hakudai haki za mwenye mali zisahauliwe, na alijitolea kulipa yeye mwenyewe kama kuna kilichopotea. Huo ni mfano mzuri wa barua kwa mwamuzi au kwa mwajiri. Andika umemjua mtu huyu tangu lini, umeona nini kwa macho yako, jamaa yake inaishi namna gani, na kanisa litafanya nini kumfuata. Usiandike kwamba hana kosa, kama hukuwapo. Mchungaji anayemsifu kila mtu kwa barua ile ile, ya pili haitasomwa.

Adabu ya kanisa isitangulie hukumu. Kumwondoa mtu katika meza ya Bwana kwa sababu tu amekamatwa ni kumhukumu kabla ya mwamuzi. Na mke asipokonywe kazi yake katika kwaya au katika umoja wa wamama kwa kosa la mumewe. Hata Katiba ya nchi inakataa hilo, kanisa lisiwe chini ya Katiba. Lakini anayekubali kosa atembee katika toba ya kweli, na yule aliyeibiwa naye atembelewe. Mara nyingine ni mshirika wa kanisa lile lile, amekaa benchi ya nyuma akiona wote wanamkimbilia mwingine.

Kila kanisa la mtaa linaweza kufanya mambo matatu bila bajeti kubwa: kuchagua watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua njia ya kwenda Tripaix, parke na BCG; kuweka sanduku dogo kwa ajili ya faini na chakula, lenye daftari na risiti; na kuandika majina ya mafundi na wafanyabiashara washirika walio tayari kumpokea mtu mmoja anayetoka gerezani, kwa miezi 3 ya majaribio. Majina hayo yatafutwe sasa, wakati hakuna aliyefungwa. Siku mama atakapofika na watoto wake, apate orodha iliyo tayari, na mtu wa kwenda naye kesho asubuhi.

Bwana awape hekima na nguvu wote wanaongoja mlangoni.